Nyenje wa Kulwa

Taarifa ya msiba wa Mama Kulwa niliipata kwa simu, asubuhi, nikiwa kibarazani kwangu Geita nachambua mchele. Doto hakulia. Alisema, "Dada Stela, mama ametutoka. Tunazika kesho, Songwa," nami nikajikuta nimeibana simu sikioni nasikiliza kama kuna kitu kingine upande wa pili. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha watoto wa watu kusoma mpaka macho yamechoka, na wanaoogopa bundi huwa nawacheka mbele yao. Ila kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sijawahi kuucheka. Basi letu lilipopita Buzwagi nilikuwa nimeshaurudia wote, na abiria wa pembeni yangu akaniuliza kama naumwa.

Ni mwaka nilioufanya machimboni kwa mama mdogo, Mama Minza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na hayakuwa ya kualika wageni, basi nikafungasha nguo zangu Ngokolo nikapelekwa kwake, ng'ambo ya Kahama kuelekea Bukombe, ambako alikuwa anawapikia wachimbaji. Mgahawa wenyewe ulikuwa turubai la bluu juu ya miti, mabenchi ya mbao za mabanzi, na nyuma mafiga yaliyokuwa hayapoi. Palinuka moshi, dagaa na udongo mbichi wa ardhini, ule udongo wanaotoka nao wanaume kutoka kwenye maduara yao, maana mashimo ya dhahabu kule wanayaita maduara hata yakiwa na pembe nne. Nilidhani nimekwenda kuosha sufuria. Siku ya kwanza tu nikavunja bakuli na kikombe, mama mdogo akanitazama mikono yangu kwa huzuni, akasema, "Wewe vyombo vyangu utavimaliza, mwanangu. Chukua hawa watoto uwatoe hapa jikoni wasije wakaungua." Ndivyo nilivyoanza kazi ya ualimu.

Watoto walikuwa wa wanawake waliopika, waliochota maji na waliogonga mawe. Wengi majina yao yamenitoka. Minza, binti wa mama mdogo, siwezi kumsahau: umri wa darasa la tatu, mdomo wa bibi kizee. Na Doto, mdogo wa kimo, mpole, ambaye muda wote alivaa begani kibuyu kidogo kama cha kuwekea samli, kimefungwa kamba ya katani na kuzibwa kwa gunzi la mahindi. Asubuhi ile niligawa karanga. Kila mtoto akapokea fungu lake akaondoka, Doto akapokea, akabaki amesimama na mkono wa pili ameunyoosha. Nikamwambia zimetosha. Minza akaniambia, bila hata kuacha kutafuna, "Bado wa Kulwa." Nikauliza Kulwa ni nani na yuko wapi. Watoto wote wakageuka wakakitazama kile kibuyu, kwa utulivu kabisa, kama unavyomtazama mwenzako aliyetajwa darasani.

Nilielewa jioni ile ile, wala si kwa kuuliza. Chumba chetu kilitengwa na cha Mama Kulwa kwa magunia ya salfeti yaliyoshonwa pamoja, na salfeti haizuii neno. Mama Kulwa ndiye aliyekuwa msonga ugali wa mgahawa, mwanamke wa mikono minene na sauti ndogo. Nilimsikia anamwambia mama mdogo, aliyemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, "Huyo mgeni wako umweleze, mayu. Asije akawa anamwita mmoja." Mama mdogo akaja upande wangu, akakaa kwenye mkeka, akanieleza huku anakuna mkeka kwa kucha, maana hakupenda mazungumzo yale. Watoto walizaliwa pacha. Kulwa alipata degedege akiwa bado ananyonya. Pacha kwao haliliwi kilio, hasemwi amekufa. Alitengenezewa kile kibuyu, akalazwa nacho mwenzake, na tangu hapo chochote anachopewa Doto, na Kulwa anapewa, kidogo tu, ndani ya kibuyu. "Na jioni au wakati wa kula, ukiwaita waite wote wawili," akasema mama mdogo. "Anayemwita mmoja anataka kuwatenganisha. Mtoto kafundishwa asiitike." Nikamuuliza kama yeye anaamini, yeye na rozari yake shingoni. Akasema anaamini kwamba ugali wa Mama Kulwa unamletea wateja, na mwanamke yule mtoto mmoja alishamtoka, wa pili hataki aende, basi wewe shida yako nini. Sikuwa na shida. Nikalala nimegeukia ukuta, na ng'ambo ya salfeti nikamsikia mwanamke yule akiwaita kwa ile sauti ndogo, "Kulwa na Doto, njooni mlale," na sauti moja ya kitoto ikijibu, "Tupo."

Hatukuwa na mpira wala vitabu, na shule ilikuwa mbali. Kilichokuwepo ni nyasi, vichuguu na wadudu, kwa hiyo tukasoma wadudu. Tulilala kifudifudi kando ya vile vishimo vya mchangani ambamo mdudu amejificha chini na taya zake anamsubiri sisimizi ateleze. Tulifuata dundu akiviringisha kinyesi cha ng'ombe kikubwa kuliko mwili wake, tukamzibia njia kwa makusudi atuonyeshe hasira. Vunjajungu walimwogopa, kwa sababu kila mtu anajua ukimshika utavunja vyungu, na Minza akatangaza kwamba mimi lazima niliwahi kumshika mmoja mkubwa. Nilifurahi mwaka ule, niseme ukweli. Sikujua kama kuna furaha ya namna hiyo, ya kukaa juani na watoto unatazama kitu kidogo kikifanya kazi yake. Jambo moja tu lilikuwa linanikaa shingoni kama unyasi ndani ya nguo. Doto alichukua kila mdudu mara mbili. Mmoja alimtazama yeye, wa pili alimwingiza kwenye kibuyu, akaziba gunzi, akakiweka sikioni, akatikisa kichwa kukubali. Kisha mara nyingine alituambia jambo ambalo sisi hatukuliona. "Huyu ana mguu umekatika," alisema, na kweli ukimtoa, mguu umekatika.

Nyenje ndio walioleta mchezo tulioupenda kuliko yote. Jua likianza kushuka nyasi zote zilianza kulia, na nikawafundisha kwamba nyenje hana sauti kooni, anasugua mabawa, tena masikio yake yako miguuni, akisikia ardhi inatikisika anakoma. Basi tukawa tunatembea, wote wanakoma. Tunasimama kama nguzo, wanaanza tena. Watoto walicheka mpaka wakaanguka, kwa kuona wana uwezo wa kuzima na kuwasha pori. Doto alimkamata mmoja mweusi mwenye kichwa kikubwa, akamtia kwenye kibuyu, akasema huyu atakaa na Kulwa kwa sababu Kulwa hapendi kimya. Jioni ile wachimbaji wakiwa wanakula, kibuyu kikaanza kulia. Mmoja wao, Masanja, kijana mwenye mabega ya kubebea matimba, zile nguzo wanazosimamishia kuta za shimo, aliacha kutafuna. Akachukua sahani yake, akahamia benchi la mwisho, akamalizia chakula ametupa mgongo. Wenzake walimcheka, lakini hakuna aliyekwenda kukaa pale alipotoka.

Siku moja fundi wa matofali alikuwa anabomoa kichuguu nyuma ya mgahawa, akatuita tuje tumwone malkia wa mchwa. Alikuwa mnene kama kidole gumba, mweupe, ngozi inapumua, hawezi hata kutembea, na mchwa wadogo wanamzunguka wakimlamba. Watoto walitulia tuli. Nikaeleza kwamba huyu ndiye mama yao wote, na kila kichuguu kina mmoja tu. Doto akanivuta kanga. "Wa Kulwa yuko wapi?" Nikamwambia hapa hakuna wa pili, wa pili yuko kwenye kichuguu kingine. Aliniangalia muda mrefu, akakishika kibuyu kwa mikono yote miwili.

Kesho yake mchana Mama Kulwa alikuwa amekwenda gulioni Ushirombo kununua unga. Tulikula maharage, watoto wakalala kidogo kwenye kivuli cha turubai kama kawaida, na walipoamka Doto hakuwepo. Mwanzoni sikushtuka. Nilizunguka mgahawa, nikaenda kisimani, nikaenda kwa fundi wa matofali, kisha nikaona vichuguu vimepangana kwenda mbali, kule kwenye maduara ya zamani yaliyoachwa, yaliyofunikwa kwa matawi na nyasi na kusahauliwa, nikakumbuka nilivyomwambia kwamba malkia wa pili yuko kwenye kichuguu kingine. Mama mdogo aligonga sufuria. Wanaume wakatoka mashimoni na udongo wao mwilini, wakajipanga mstari, wakaanza kupita nyasini wakiita. "Doto! Doto!" Sauti nene za wanaume, huku na huku, mpaka jua likawa jekundu.

Minza ndiye aliyenishika mkono. "Dada, hawaiti vizuri," alisema. Nilijua anachosema, na nilikuwa nimekijua tangu wanaanza kuita, ila nilikuwa nakisukuma. Nikamfuata Masanja, nikamwambia amwite na mwenzake. Alijipangusa uso, akasema taratibu, "Dada, humu chini kuna watu walibaki. Wengine nawajua. Sasa jua linazama, mimi nisimame juu ya mashimo haya nianze kumwita marehemu? Akija nani?" Nikamgeukia mama mdogo. Yeye aliifunga kanga yake upya, akaikaza, akatazama pembeni.

Basi tukaendelea kutembea, na nyenje wakaanza. Au niseme walianza kule mbali, maana pale tulipokanyaga walikoma, kama tulivyozoea. Mstari wa wanaume ulikwenda na kimya chake. Ghafla Minza akasimama. "Yule hakomi," akasema. Nikasikiliza. Katika kile kimya tulichokuwa tunatembea nacho, nyenje mmoja alikuwa analia bila kukatika, mbele yetu upande wa kushoto, sauti imezibwa kidogo. Niliwaomba wanaume wasimame. Walipotulia, pori zima likawaka kwa kelele. Nikawaomba watembee, pori likazimika, yule mmoja akabaki. Tulifanya hivyo tena na tena, wanaume wazima na mashoka yao wanatembea na kusimama kwa amri ya binti aliyefeli na mtoto wa darasa la tatu, na kila mara tulisogea zaidi, mpaka tukafika nyuma ya kichuguu kikubwa. Pale palikuwa na matawi makavu yametandazwa chini, na katikati yake tundu jipya, la ukubwa wa mtoto.

Masanja alilala kifudifudi akamulika tochi. Tuliona matimba yaliyooza yameegemeana, mengine yameanguka, na chini yake giza. "Doto," akaita. Nyenje akakoma. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, tukasubiri, hakuna kitu. Masanja akainuka, akaniambia ukweli kama mchimbaji anavyoujua: mbao zile zikiguswa shimo linashuka lote, na hashuki mtu kwa ajili ya sauti ya mdudu. Kama mtoto yumo na ana uhai, aitike, naye Masanja atafungwa kamba ashuke sasa hivi. Kama haitiki, watangoja asubuhi. Kila mtu pale alijua kwamba mbao zile hazingefika asubuhi.

Nikapiga magoti pembeni ya tundu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuogopa kwamba hatajibu. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya baridi na ilinuka kama udongo wa kaburi uliofukuliwa. Nikasema, wala si kwa sauti kubwa, kama mama yake alivyokuwa akiwaita wakati wa kula, "Kulwa na Doto, njooni mle."

Kisha kutoka chini, karibu kuliko nilivyotegemea, "Tupo."

Ilikuwa sauti moja. Hilo nimeliapia mara nyingi, kwa watu walioniuliza na kwa nafsi yangu. Masanja alijitemea mate kifuani, akafungwa kamba kiunoni, akashuka akiwa anaongea na zile mbao kwa Kisukuma, anazibembeleza. Alipovutwa juu alikuwa amemkumbatia Doto, amejaa udongo, kifundo cha mguu kimevimba, kibuyu kiko begani. Mbao zilianguka hatujafika hata kwenye njia. Tulisikia tu ardhi ikishusha pumzi nyuma yetu. Mama mdogo, ambaye sasa alikuwa analia, akamuuliza mtoto, "Watu wote tumeita mpaka makoo yamekauka, mbona hukuitika?" Doto akamshangaa. "Walikuwa wanamwita Doto," akasema.

Mama Kulwa alirudi na unga wake kichwani akakuta mgahawa umejaa watu wasiokula. Hakupiga kelele. Alimkagua mwanawe mguu, akamwosha, akasonga ugali kidogo, akamwita kama anavyowaita. Kisha akalitoa gunzi kwenye kibuyu ili ampe na mwingine, akakikung'uta kwanza juu ya ungo. Nilikuwa nimesimama pale, nikimsubiri nyenje wetu atoke arukie meza. Kilichotoka ni gamba tupu, miguu mikavu na bawa moja. Sisimizi walikuwa wameshakula cha ndani siku nyingi. Minza alisogea akaligusa gamba kwa kidole, likavunjika. Mama Kulwa alipuliza ndani ya kibuyu, akaweka tonge, akakiziba.

Maelezo ninayo, na nimekuwa nayo miaka yote hii. Kulikuwa na nyenje mwingine mle shimoni, kwenye ukuta wake, ardhi ya kule haikutikiswa na miguu yetu ndiyo maana hakukoma, na tochi ilipomulika akaogopa akanyamaza. Ni maelezo mazuri. Nimeyatoa darasani mara kadhaa, nikifundisha wadudu, bila kutaja mahali. Mwaka uliofuata nilirudi Ngokolo kurudia mitihani, mama mdogo akahamisha turubai lake kufuata dhahabu sehemu nyingine, na Mama Kulwa akarudi kwao Songwa na watoto wake.

Nilifika wakiwa wametoka kuzika. Doto sasa ni fundi cherehani, mwanamke mrefu, mikono ya mama yake. Nilimkuta ndani, amekaa pembeni ya kitanda cha marehemu, na kibuyu kile kile kiko mapajani, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi. Nilikaa naye. Tulizungumza habari za Minza, ambaye yuko Mwanza na ana duka, habari za ugonjwa wa mama, habari za baba mkubwa aliyetaka kibuyu kizikwe na marehemu, naye Doto akamkatalia. Mwishowe nikamwuliza jambo lililonikaa. Nilisema, yule nyenje mle shimoni alikuwa upande gani, juu yako au chini?

"Nyenje gani, dada?"

Nikamkumbusha. Akatikisa kichwa. "Yule wa kwenye kibuyu hakukaa hata wiki. Na kule chini kulikuwa kimya. Kimya mpaka nikimeza mate najisikia. Nilikuwa nawasikia nyie tu huko juu, mnatembea, mnasimama, mnatembea, mnasimama. Nikajua mnacheza ule mchezo, nikawa nasubiri zamu yangu." Alikipapasa kibuyu pale kilipopasuka. Alisema kazini wanamwita Doto na anaitika vizuri tu, kazi ni kazi, lakini jioni na wakati wa kula ni mama peke yake aliyekuwa anawaita, kila siku, hata alipokuwa hawezi kuinuka. "Sasa hakuna wa kutuita," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Nilitoka nje kumwachia nafasi. Jua lilikuwa linashuka, wanawake wamepakua wali na nyama, na mmoja wao, wifi yake, akasimama mlangoni akaita, "Doto, njoo ule." Kimya. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba tangu juzi ndivyo, haitiki, hajala kitu, wanaogopa asije naye akawafia. Akaita tena, kwa upendo kabisa, kisha akainua mabega akarudi kwenye masufuria. Nikabaki mimi pale mlangoni. Nyenje wa Songwa walikuwa wameanza kulia, na ndani giza lilikuwa limeshaingia, na ile hewa ya baridi ya shimoni nikaisikia tena kama ya jana. Mimi ni mwalimu. Nina maelezo yangu. Nikasema, taratibu, "Kulwa na Doto, njooni mle."

Nje nyenje wakakoma.

"Tupo," wakajibu ndani, nami nikasogea pembeni ya mlango ili wapite.